Jacinta na Ajua Isiyo na Huruma

Jirani yangu Jacinta huuza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, na ulimi wake una chumvi kuliko omena zenyewe. Nampenda sana mama huyu, ndiyo maana namsema.

Mumewe, Gordon, alikuwa bingwa wa chesi hapa Manyatta. Sisi wengine tulicheza drafti kwa vizibo vya soda na kupiga kelele. Yeye alisogeza farasi wake taratibu, kama mtu anayebeba chai ya mgeni. Halafu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, maneno yakawa mazito, lakini akili ilibaki palepale.

Marafiki wakaja kucheza naye, na wema wao ndio uliomponza. Mathews, fundi wa baiskeli, alimwachia malkia wazi makusudi aliwe. Gordon akamtazama, akaangusha mfalme wake mwenyewe kukubali kushindwa, akageukia ukuta. Tangu hapo hakutaka mgeni wala uji. Jacinta alikuja kulia kwangu. Aliogopa kwamba mumewe ameamua kufa.

Alipomaliza kulia alikwenda kwa mamake kule Seme, akarudi na ubao wa ajua, yaani bao la Wajaluo, wenye mashimo na mbegu zake. Nilimwambia wazi kwamba huo ni mchezo wa wachunga ng'ombe. Chesi ina mfalme, ina mipango.

"Mama Simiyu, kwa chesi kila mtu ako na jeshi yake," akanijibu. "Hapa mbegu ni ya sisi wote. Saa hii yangu, saa hii yako. Nitamhurumia na nini?"

Si kweli. Hata kwa ajua mtu anaweza kujiachia ashindwe. Lakini Jacinta hakujiachia. Alimshinda mgonjwa wake leo, akamshinda kesho, huku akimcheka. "Baba Awuor, hata kuku yangu ingecheza hivi." Nilichukia kabisa. Gordon naye alikasirika hadi akaomba uji apate nguvu.

Jumapili moja baada ya kanisa niliwakuta mlangoni. Gordon alikuwa akidondosha mbegu kwa mkono wa kushoto, moja kila shimo, na shimo moja akaliruka. Kwenye ajua, wizi usipoonwa kabla mwenzako hajagusa mbegu zake, basi umepita. Jacinta akamdaka mkono.

"Rudisha, mwizi."

"Mimi... mgonjwa," akasema Gordon, macho yakicheka.

"Mgonjwa, rudisha."

Akarudisha, akicheka mpaka mate yakamtoka. Jacinta akamfuta kwa leso yake, kisha akamla mbegu zote.