Udi Ndani ya Mmarekani

Mwezi uliopita nilikwenda Al Khuwair kufuata karatasi zangu wizarani. Nikitoka, pale kwenye maegesho, nikamkuta Mmarekani. Sikuyaamini macho yangu. Nilimjua kwa boneti lake refu, na kwa mkwaruzo mdogo juu ya taa ya kushoto ambao niliutia mwenyewe kwa baiskeli. Rangi wamembadilisha, alikuwa buluu, sasa mwekundu. Kijana mwenye gari alinikuta nimeweka mkono juu ya boneti, mwanamke mtu mzima na buibui langu, akashangaa. Nikamwambia, mwanangu, gari hili lilikuwa letu. Akacheka, akanifungulia mlango, na kabla sijakaa sawa akawa ameshaanza kulalamika. Kila akiwasha kandishani ipulize baridi, inanuka udi. Mafundi wamefungua, wamesafisha, harufu iko pale pale. "Hujui sababu yake, khala?" akaniuliza, akiniita mama mdogo kwa heshima.

Naijua, rafiki yangu. Tena naijua sana.

Tulikuwa tukikaa Darsait, ghorofa ya kwanza, chini yetu duka la mshona nguo na ubavuni uwanja wa vumbi ambao baba aliugeuza gereji yake. Baba alikuwa karani wizarani, mtu wa kanzu nyeupe na kalamu mfukoni. Lakini ikifika Alhamisi, siku ya mapumziko wakati ule, alijifunga shuka na fulana iliyotoboka, na hapo humtoi chini ya gari hata kwa winchi. Alimnunua Mmarekani ujanani, alipokuja Oman kutoka Unguja, hata kabla hajamposa mama. Mama alikuwa akisema, "Mimi ni mke wa pili nyumba hii."

Na tuseme kweli, mke mkubwa alikuwa na shida zake. Injini ya silinda nane, baba akiiwasha Darsait nzima inajua anakwenda kununua maziwa. Kandishani hana, na Maskati ya mwezi wa saba bila kandishani, we acha tu. Tukiingia foleni ya Ruwi, mshale wa joto ulipanda mpaka tunazima na kushuka. Tena milango miwili! Bibi, mama yake baba, magoti yalikuwa hayakunjiki, kwa hiyo kiti cha mbele ni chake. Mama alikuwa akijipenyeza nyuma, buibui likinasa hapa na pale, na akishuka amenuna mpaka kesho yake.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, shangazi alijifungua huko Nizwa, mtoto wa kwanza baada ya kungoja sana, na bibi akasema lazima akamwone mjukuu kabla ya arubaini. Ilikuwa katikati ya joto. Mama akaona hapa ndipo. Akamwambia baba mbele ya bibi, "Bwana, mie n'na neno. Gari yako ikimfikisha mama Nizwa bila ya kusimama njiani, sitoisema tena mpaka naingia kaburini. Ikisimama, unaiuza, unatununulia gari ya milango minne kama watu."

Baba akamtazama mama, kisha akamtazama bibi. "Nimekubali," akasema. Na baba akishatoa neno mbele ya mama yake, limetoka. Tulikuwa na wiki tatu.

Zile wiki tatu sizisahau. Kila mapumziko tulikwenda sikrab, upande wa Rusayl, huko magari yaliyokufa yamepangwa juani safu kwa safu. Baba alikuwa akichagua spea za magari mapya mapya, maana alisema moyo wa Mmarekani mzima, viungo tu ndivyo vilivyochoka. Rejeta pana tulitoa kwenye pikapu. Kandishani kwenye saluni iliyogongwa nyuma. Breki za diski kwenye gari lililokuwa jipya kuliko viatu vyangu. Feni ya umeme kwenye teksi. Na viti viwili vya mbele kwenye gari la ajali, laini, vya kulala na kuinuka kwa mkono mmoja, hivyo vilikuwa kwa ajili ya mama. Baba alisema kiti kikilala vizuri mama ataingia nyuma kama malkia. Mama alisikia, akasonya, lakini nilimwona akitabasamu peke yake kwenye karai la sambusa.

Hakuna kilichoingia bila ya ugomvi. Breki zilikataa, baba akachonga vibati, akajaribu, akatoa, akatia tena. Kandishani ilikula nafasi ya betri, ikabidi betri ihamie kwenye buti. Fundi umeme wa Kihindi, jirani yetu, akapitisha waya mnene kutoka huko nyuma, chini ya zulia, mpaka kwenye feni mbele. Na joto la Maskati linayeyusha gundi ya utepe, kwa hiyo baba kila akizungushia waya utepe mweusi alimalizia kwa uzi mweupe wa kushonea kofia, mafundo matatu. Uzi ulikuwa wa bibi, aliyekuwa akishona kofia za viua asubuhi hadi Adhuhuri. "Loo, uzi wangu wa kofia anavishwa gari!" bibi akilalama. Baba akimjibu, "Kichwa ni kichwa, mama."

Lakini ugomvi wa kweli wa bibi ulikuwa viti. "Gari ya ajali hiyo? Aliyekikalia hiki alitoka mzima?"

"Mama, mie n'tajuaje?"

"Basi mie sikikalii mpaka nikifukize."

Kwetu hufukizwa nguo za harusi, hufukizwa nyumba, hufukizwa mzazi. Kwa bibi, spea ya gari la ajali nayo ilikuwa imeshuhudia mambo, haiingii kwenye gari la mwanawe hivi hivi. Kila kitu kutoka sikrab kilipita kwenye chetezo kwanza. Rejeta ilifukizwa. Feni ilifukizwa na kusomewa Yasini nzima, fundi umeme kasimama pembeni na bisibisi yake anangoja kwa adabu. Mimi ndiye mbeba chetezo. Bibi akiniita, "Njoo, mke mwenzangu, tumtie bwana harusi harufu," basi naacha kila kitu naruka ngazi mbili mbili.

Asubuhi ya safari mama alikuwa akifunga katlesi na chupa ya chai, baba kaliwasha gari lizoee, kapanda juu kuvaa. Bibi akanipa chetezo kimejaa makaa. "Kitie chini ya kiti changu, washa kandishani, ufunge milango. Nataka moshi uingie mpaka tumboni mwake." Nikafanya kama nilivyoambiwa, nikasimama nje nikitazama vioo vikijaa moshi, najiona mtu mkubwa. Nilipofungua, chetezo kilikuwa kimelala ubavu. Kaa moja limeviringika mbele ya kiti, limetoboa zulia tundu la ukubwa wa kitumbua. Nikalizima kwa maji ya kunywa, nikaleta kijamvi cha bibi cha kuwekea miguu, nikafunika. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni tundu la zulia tu.

Jamani, alivyokwenda siku ile! Kandishani inatupulizia udi wa baridi, bibi kajitanda mtandio kwa kuhisi baridi mwezi wa saba, anacheka peke yake. Mama nyuma kanyamaza, na baba alikuwa akiusikiliza ule ukimya wake kwa raha zake. Tukaipita Rusayl, tukaipita Sumail. Tulipoanza kupanda milima, feni ikazima. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka ubavuni mwa boneti, Mmarekani akasimama. Baba akatia fyuzi mpya, ikaungua. Akatia nyingine, nayo ikaungua.

Nilikuwa nikiitazama miguu ya bibi juu ya kijamvi, najiambia sasa nasema, sasa nasema. Sikusema. Mama, aliyekuwa kashinda, hakufurahi hata kidogo. Alimmiminia baba chai akampa huku akitazama milima. Mwishowe muuza mbuzi mmoja, anayewahi soko la Nizwa, akatusimamia na pikapu yake. Bibi akakaa mbele, mama na mimi nyuma na mbuzi, na mbuzi mmoja akatafuna ncha ya mtandio wa mama. Baba akabaki peke yake na gari lake.

Bibi alimwona mjukuu, akampakata, akasahau habari ya gari. Baba hakusahau. Mama mwenyewe alimwambia, "Basi bwana, nilikuwa nikitania." Akajibu, "Neno nimelitoa mbele ya mama. Feni ilikuwa mbovu. Spea za sikrab ndivyo zilivyo, kosa langu mwenyewe." Wiki ile ile mnunuzi alikuja. Mmarekani akawaka, feni ikazunguka, nami nikadhani baba katia nyingine. Akaondoka na ngurumo yake mpaka ikapotelea njia ya Ruwi. Baba akaingia kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu. Mimi nililia siku mbili, na kila mtu akidhani nalilia gari.

Basi pale Al Khuwair nilimwomba yule kijana ruhusa, nikainama, nikainua zulia mbele ya kiti cha bibi. Zulia jipya, lakini bati la chini ni lile lile, na waya mnene wa fundi umeme upo. Mahali ulipoungua pameungwa, pakazungushiwa utepe mweusi, na juu ya utepe upo uzi wa kofia, umegeuka manjano, mafundo matatu. Feni haikuwa mbovu. Baba aliliona tundu, akajua ni chetezo cha nani na nani aliyekibeba. Angesema tu kwamba udi umeunguza waya, mama angempa safari ya pili, na Mmarekani angebaki kwetu. Lakini bibi angejua ni udi wake uliomsimamisha mwanawe njiani, na mimi ningeulizwa. Akaona bora auze.

Bibi hayupo tena, Mungu amrehemu, na chetezo chake sijui kiliishia wapi. Uwanja wa vumbi umeota jengo. Alhamisi imekuwa siku ya kazi. Gari zikiharibika sasa unawapelekea wenye kompyuta, na hakuna anayezisomea Yasini. Mama ameshapanda gari tatu au nne za milango minne, na hakuna hata moja tuliyoipa jina. Nnaukumbuka mlio wa ile injini mpaka leo.

Baba yupo, alhamdulillahi, ila mzee. Jioni ile ile nilikwenda kwake, nikamkuta na kahawa na tende. Nilipomwambia nimemwona Mmarekani, akakaa wima. Akauliza breki. Akauliza rangi, na kusikia nyekundu akasonya.

"Baba," nikasema, "nimeinua zulia. Nimeuona waya." Nikakaa karibu naye. "Mie ndiye niliyekitia kile chetezo."

"Chetezo gani?" akasema, ananimiminia kikombe. "Feni ilikuwa mbovu, mwanangu. Kunywa kahawa, inapoa."