Mchezaji wa Mwamapalala Asiye na Vishindo

Najua utasema haya ni mambo ya vijiweni. Sema tu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kucheka kila niliposikia visa vya namna hii, maana nina tabia ya kutaka kufungua kila kitu nione ndani kuna nini. Lakini hiki sikusimuliwa. Kilinipata mwenyewe, Mwamapalala, mchana wa jua kali, wala si usiku kama wengi wanavyopenda kusimulia.

Asubuhi moja niliamka Shinyanga nikaona mji umenichosha. Sikuwa na mpango wowote. Nilitia kwenye begi bisibisi zangu, kifaa cha kuchomelea waya na hedifoni za kuuza, nikapanda lori la kwanza lililokubali kunichukua. Likanishusha Bariadi. Ndivyo ninavyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita, na sijawahi kujuta, isipokuwa kwa hili.

Bariadi nilipokelewa na Masunga. Alikuwa na chumba nyuma ya sehemu ya kuchomelea mageti, na vijana walikutana humo kucheza gemu za bunduki kwenye simu, wanne kwa wanne, wakipambana na timu za mbali kupitia mtandao. Nilikuta sauti zao ni vurugu tupu. Wengi walitumia hedifoni zisizo na waya, zile za bei ya chini, ambazo sauti yake huchelewa: unasikia hatua za adui wakati ameshakuua. Nikawahamishia za waya. Kijana mmoja, Jilala, alikuwa hajui kamwe adui anatokea upande gani. Nikakuta simu yake imeunganishwa sauti ya kulia na ya kushoto ikawa moja. Nikaitenganisha, akaanza kucheza kama mtu aliyezibuliwa masikio. Masunga alifurahi, akanipa kitanda nyumbani kwake, akamwambia mkewe, "Huyu ni mdogo wangu." Mtu asiye na kwao kama mimi, anaitwa mdogo wangu! Nilikuwa tayari kukaa. Niamini, sijawahi kuwa tayari kukaa popote.

Sasa kulikuwa na mashindano. Mfanyabiashara mmoja wa pamba alitoa dume la ng'ombe kwa mshindi. Timu ya Masunga ilifika fainali, na wapinzani wakawa vijana wa Mwamapalala. Kabla ya fainali wakacheza mechi ya kupimana, na vijana wa Masunga wakapigwa na mtu mmoja tu. Huyo alijiita Bwana Ng'ombe. Wenzake watatu ulisikia wanavyokanyaga mabati, ngazi, majani. Yeye hakuwa na kishindo. Unashtukia umekufa, naye amesimama nyuma yako.

"Anachiti huyo," nilisema.

"Anachiti yeye, au hedifoni zako?" Jilala akanijibu. "Fundi gani anatuuzia sauti yenye tundu?"

Wenzake wakacheka. Masunga hakucheka.

Nikafanya ufundi wangu. Kazi ya sauti haina siri: badilisha kitu kimoja, vingine viache, sikiliza. Ukihamisha kitu na tatizo likahama nacho, umelipata. Nilibadilisha hedifoni. Nilitoa vumbi kwenye tundu za simu kwa sindano. Nilizima muziki wa gemu. Nilibadilisha simu zenyewe. Wakarudia mechi, na Bwana Ng'ombe akawamaliza tena bila kusikika.

Jioni Masunga alinivuta pembeni.

"Mdogo wangu, kabla ya kuja hapa ulipitia Mwamapalala?"

"Sijawahi kukanyaga."

"Maana watu wanasema umetumwa uje utuzibe masikio."

"Nani anasema?"

"Watu. Mimi sijasema." Alikuwa anatazama chini. "Lakini mgeni ni mgeni. Tafuta hicho kitu kabla ya fainali. Usipokipata, mimi sitaweza kukutetea."

Ungelala wewe? Kulipokucha nikachukua bodaboda mpaka Mwamapalala. Pale senta nikamuuliza mama muuza maandazi habari za kijana anayecheza gemu, anayejiita Bwana Ng'ombe. Akanionyesha kwa kidevu kaya moja iliyojitenga, mbele ya mashamba.

"Anaishi peke yake. Ukimwona, msalimie ukiwa mbali."

"Kwa nini, mayu?"

"Kwa sababu yeye hatakusalimia akiwa mbali."

Nilidhani ni utani. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na miti yake iling'olewa ikatandazwa mpaka mlangoni, imekauka, ikingoja kuchomwa. Huwezi kupita pale bila kupiga kelele kama unakanyaga chupa. Nikapita nikivunja vijiti, nikasimama uani, nikapiga hodi. Kimya. Mbwa wawili walinibwekea mpaka wakachoka, wakalala.

"Mwadila," sauti ikanisalimia kwa Kisukuma begani kwangu.

Niliruka. Kijana wa umri wangu, shati safi, makatambuga ya matairi miguuni, alikuwa amesimama katikati ya vile vijiti vikavu. Alitoka wapi? Sikusikia hata kijiti kimoja. Na mbwa hawakuinua kichwa. Hilo lilinisumbua kuliko yote.

"Wewe ndiye fundi wa Bariadi," akasema. "Umekuja kwa sababu ya vishindo."

"Umenijuaje?"

"Nani mwingine angekuja?"

Akaingia ndani, akatoka na gunia, akalimwaga chini. Hedifoni tupu: kubwa, ndogo, za waya, zisizo na waya, nyingine hazijatolewa kwenye makaratasi. Nikazidi kumshuku. Mcheza gemu wa kijijini anazipeleka wapi zote hizo?

"Nilidhani ni masikio yangu," akasema. "Nikanunua hii, nikanunua ile. Kwenye gemu kila mtu ana kishindo, hata asiyejua kucheza. Nikasema, basi humo nami nitakuwa nacho, nijisikie japo mara moja."

"Na nje ya gemu?"

Alianza kutembea. Alizunguka ua wote juu ya ile miti ya pamba, nikaona vijiti vikivunjika chini ya miguu yake, vikikatika vipande viwili, bila sauti yoyote. Kuku walikuwa wanadonoa; alipita katikati yao, hawakumpisha mpaka alipowagusa.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilifanya nini? Nilifurahi! Nilikuwa nimekipata nilichotumwa, na mkono ukaanza kuniwasha. Nikamuuliza imeanza lini. Akasema, "Zamani kidogo," akaitazama miguu yangu. Niliona alivyoitazama. Nasema tena, niliona.

"Vua makatambuga," nikamwambia. "Nipe mimi, wewe vaa yangu. Tujue tatizo liko kwenye kiatu au kwa mtu."

Wazo lilikuwa langu. Ndivyo ninavyokumbuka, ingawa siku nyingine sina hakika.

Nikavaa yake, bado yana joto. Nikapiga hatua. Kimya. Nikaruka juu, nikatua kwa nguvu zote kwenye vijiti: kimya. "Ni kiatu!" nikapiga kelele. "Ni kiatu, ndugu yangu, umeona?" Naye akapiga hatua moja kwenye makatambuga yangu. Kra. Akasimama. Kra, kra. Mbwa wakainuka wakaanza kumbwekea mwenye nyumba, naye akacheka, machozi yakimtoka, akiwatukana kwa Kisukuma kwa furaha.

Kisha akayavua. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyompa mkwe wake kitu. Akaondoka pekupeku kupitia shambani, na vijiti vikalia chini ya nyayo zake tupu: kra, kra, kra, mpaka akaishilia kule korongoni bado namsikia.

Nami nikavaa makatambuga yangu. Nikapiga hatua.

Unajua tayari, sina haja ya kukuambia. Nilivua, nikatembea pekupeku, hakuna. Nilijipiga unyayo kwa kiganja, sauti ikatoka, nilipokanyaga, hakuna. Tatizo lilikuwa limehama. Nilimkimbilia kwa kumwita, na mbwa wake walikuwa wameshalala, hawakujua kama kuna mtu anakimbia.

Nilirudi Bariadi jua likizama. Masunga alikuwa amenipa mgongo, anachaji simu. Nikasimama nyuma yake, nikasema, "Kaka, nimekipata." Aliangusha simu. Nikatembea mbele yake na vijana wake juu ya mabaki ya vyuma ya kule kwa wachomeleaji, nikarudi. Nikashika simu, nikaingia kwenye gemu, wakanisikiliza kwa hedifoni zangu zote. Hawakusikia kitu.

"Basi acheze yeye fainali," Jilala akasema. "Ng'ombe si wetu huyo!"

"Funga mdomo wako," Masunga akamwambia. Akanigeukia. "Nakuamini. Hukutumwa na mtu, na aliyesema hivyo aniombe radhi mimi kwanza." Nikadhani yameisha. Akaendelea, polepole, "Lakini kule nyumbani shemeji yako ana mtoto mchanga. Utapita mlangoni usiku, yeye hajui kama ni wewe, hajui kama umepita. Unanielewa, mdogo wangu?"

Nilimwelewa. Asubuhi alinifungia michembe, vile viazi vikavu vya njiani, akanisindikiza mpaka barabarani, na njia nzima alitembea mbele yangu akigeuka kila baada ya muda kuona kama nipo.

Masunga na vijana wake walilichukua lile dume. Jilala alinitumia picha. Anasema Bwana Ng'ombe siku hiyo alisikika kama tembo.

Sasa niko Mwandoya. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wageni, chumba cha mwisho, na mama mwenye nyumba ananipenda kwa sababu silalamiki. Siku ya kwanza nilimkuta jikoni nikamsalimia, akamwaga chai yote. Sasa ameniwekea sharti: nikitoka chumbani nikohoe, nikifika kona nikohoe tena. Anadhani nilifundishwa kunyata na kazi mbaya. Namwacha adhani hivyo. Nakohoa kutwa mpaka wapangaji wengine wananishauri nikapime kifua.

Na wewe unayesoma, kama kwenye gemu yako kuna mtu asiye na vishindo, laumu mtandao, zima simu, kalale. Usimtafute alipo. Na akitokea mgeni begani kwako, hukumsikia akija, akakuomba mjaribu kubadilishana viatu kidogo tu, aone tatizo liko wapi, mkatalie. Atakuwa mpole, atakuwa na maelezo mazuri ya kifundi. Mkatalie hata kama ni mimi.