Kiondo cha Mama Kilichobaki Zurich

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Lakini siku moja nililia mchana kweupe kando ya ziwa, mjini Zurich, kwa sababu ya kiondo.

Mkataba wangu kwenye kiwanda cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda la Athi River, ulikuwa umekwisha. Binamu yangu anayesomea uuguzi Ujerumani akaniambia, "Njoo utembee kwanza, kazi utatafuta ukirudi." Nikaenda na begi moja la mgongoni, nikawa napanda mabasi ya bei rahisi. Moja likanishusha Zurich asubuhi, na la kuendelea lilikuwa saa kumi na mbili jioni. Siku nzima, katika mji ambao hata choo unalipia! Niliona sahani ya viazi na soseji kwa bei ya kuku wanne wa kwetu Katangi, nikacheka peke yangu barabarani.

Njaa haikunitisha. Juu ya begi nilikuwa nimefunga kiondo kidogo cha mkonge, alichonisukia mama na kukijaza karanga za kukaanga za shamba letu. Kilikuwa cha mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, na alipokimaliza alikunja nyuzi zilizobaki akaziweka juu ya kabati. "Enda nacho, rudi nacho," aliniambia. "Kingine hakuna."

Nikakaa kwenye benchi kando ya maji, nikaanza kutafuna. Akaja bibi mmoja mzee, peke yake, akaketi upande wa pili. Sasa mimi kula mtu akinitazama siwezi. Nikamwelekezea kiondo kwa mikono miwili. "Karibu, nyanya." Akatikisa kichwa. Nikasukuma tena. Akachukua karanga moja kama anayemeza dawa, akaitafuna, akacheka, akachukua nyingine. Alizungumza Kijerumani chake, nami nikamjibu kwa Kiswahili, na tukaelewana vizuri tu. Akanionyesha picha ya mzee mwenye kofia, kisha akapapasa nafasi tupu kwenye benchi, kati yetu. Moyo uliniuma. Nikamwekea kiondo kizima mapajani.

Alinishika mashavu. Akaonyesha nyumba fulani ng'ambo ya daraja, akasema mengi, akaondoka polepole na kiondo mkononi.

Nami nikabaki natabasamu. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea ndengu kwa kiondo, unamwaga ndengu, unamrudishia kiondo na mayai mawili, au hata chumvi kidogo kama huna kitu. Basi nilijua bibi amekwenda kumwaga karanga. Nikamngoja.

Kengele za mchana zikalia. Sikwenda kuona makanisa wala maduka. Hata haja nilijizuia, nisije nikapishana naye. Ilipofika saa tisa ndipo akili ikanijia: hapa mtu akipewa, amepewa. Aki nilijiona mjinga! Nikavuka daraja mbio. Kulikuwa na nyumba nyingi, zote milango imefungwa, na jina lake sikulijua. Nikarudi kwenye benchi, nikalia hadi ikawa saa ya basi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitunga uongo kuhusu wezi. Nilimkuta mama uani akichambua ndengu, na uongo wote ukaniisha.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "kiondo kimebaki huko."

"Kimepotea?"

"Nilimpa nyanya mmoja. Nikadhani atarudisha."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Alikuwa na watu wake?"

"Alikuwa peke yake."

"Na karanga alikula?"

"Alikula. Akacheka."

Nilitamani anigombeze, ingekuwa afadhali. Alivitazama vidole vyake, kisha akasema, "Niletee zile nyuzi juu ya kabati."

"Mwaitu, na vidole hivyo?"

"Kwani nani amesema ni mimi? Kaa hapa. Mimi niko na macho, wewe uko na vidole."

Tangu utotoni nilikuwa nimekataa kufundishwa kusuka. Nilikuwa nikimwambia dunia ina mashine. Sasa nilikaa miguuni pake jioni baada ya jioni, akifumua nilichosuka na kunicheka, "Wewe na kiwanda chako!" Siku nyingine alinishika mkono kwa kile kiganja kigumu, akauelekeza, akakaa bila kuuachilia. Nami sikuutoa.

Kiondo chetu kimeinama upande mmoja kama mlevi. Jumapili iliyopita mama alikijaza ndengu za sadaka, akakibeba kanisani. Jirani mmoja akakiona mlangoni, akaangua kicheko.

"Wee! Hiki kimesukwa na nani?"

Mama hakusimama hata kidogo.

"Na sisi," akasema.