Miti Yangu Ilikunywa Source ya Jokébed

Batu ya Butembo bananiita fundi ya mvua. Bangeamini kweli yangu, bangenitemea mate, na haki iko yabo.

Mbele ya Uhuru nilikuwa moniteur wa kilimo. Kila asubuhi nilikuwa napima mvua ndani ya kopo ya bureau, kisha nashuka ku source, chemchemi ya kilima yetu, kupima maji: ndoo moja inajaa mu sekunde ngapi? Yote nilikuwa naandika mu carnet, kitabu kidogo ya hesabu. Mu 1960 chef wangu muzungu, mukubwa wa kazi, alikimbia, nikabaki savant, mujuaji, peke yangu. Kichwa ikavimba!

Juu ya ile source kulikuwa mutoma, muti mukubwa wa bankambo, bababu zetu, mu shamba ya mujane mumoja, Kavira Jokébed. Nikamwambia tuukate, tupande eucalyptus.

"Miti inaleta maji, mama."

"Ukikata ule, Moniteur, source itakauka."

Nikacheka. Tukaukata, nikapanda eucalyptus zangu.

Mu 1963 mvua ilikuwa ile ile, lakini ndoo iliyokuwa inajaa mu sekunde kumi na mbili sasa ilikuwa inaomba makumi ine. Eucalyptus zilikuwa zinakunywa kama balevi! Nikaandika, nikafunga carnet, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata barebelle baliingia, bakawa banatafuta batu ya kalamu kwa kubaua. Jokébed njo alinificha, siku kumi na moja, mu nyumba ya mbuzi zake. Juu ya ule muti hakuniambia hata neno moja.

Vita ilipopita, mwaka ule ule, batu ya kilima bakakutana juu ya maji. Bakasema: "Jokébed mwenyewe alitangaza source itakauka. Nani anajua vile, kama hapana mulozi, mutu wa uchawi?" Bakanigeukia: "Moniteur, sema wewe unayepima."

Carnet ilikuwa mu mufuko yangu. Jokébed akaniangalia, hapana kwa kuniomba. Alikuwa hakika nitasema.

Nikasema: "Hesabu haiyaisha."

Bakamufukuza siku ile ile. Akabeba kitunga yake, akaenda na miguu mpaka kwa ndugu yake, kule mbali Manguredjipa. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu, mimi ni imbwa!

Haya ikanikula. Nikakata eucalyptus zote, nikachimba mpaka mizizi, mikono ikatoka damu. Batu bakafikiri nauzisha mbao. Nikapanda mitoma. Kisha miaka mbili, ndoo ikajaa mu sekunde makumi mbili. Nikafurahi sana: sasa nitamurudisha mama! Nikaita batu, nikafungua carnet, nikasoma yote, nikasema kosa ni yangu, hapana ya Jokébed.

Muzee Mathe, chef wa kilima, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishika bega.

"Moniteur, uko na roho muzuri, unamutetea ule mama. Lakini soma tena: alitoka mwaka gani?"

"Sokante-kate, mwaka ya vita, 1964."

"Na maji ilianza kurudi?"

"Kisha mama kutoka," nikasema.

Batu bakapiga makofi. Bakanishukuru sana, eti nimepima muzuri, na Jokébed akafia Manguredjipa.