Jambo Hilo Linafikiriwa

Harufu ya dawa ya viatu hunisimamisha. Karibu na kituo cha treni cha Abbey Wood, hapa London, kuna fundi viatu, na kila nipitapo mlangoni pake nikienda kazini hukawia kidogo, nikavuta pumzi, kisha nikakimbilia treni. Hapo hapo huwa nimerudi kwenye Jumapili za Thamesmead, ghorofa ya tatu, na babu yangu mzaa mama amekaa ukingoni mwa kitanda aking'arisha viatu vyeusi ambavyo hatavitoa nje ya mlango wetu.

Vilikuwa viatu vya kikao. Kabla ya uhuru Babu alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kama hujawahi kulisikia, usione haya. Hata mimi niliishi naye miezi kadhaa kabla sijaelewa. Fikiria ukumbi ambamo karibu kila anayeingia amechaguliwa na Gavana. Maofisa wake walikuwa wengi, kwa hiyo kura zilijulikana kabla hazijapigwa. Waafrika wachache waliokuwamo hawakuweza kushinda kitu, lakini waliweza kuuliza. Mjumbe aliandika swali lake, akalipeleka mapema, na siku ya kikao ofisa alisimama akamjibu.

Babu alikuja London kutibiwa macho, akatuletea desturi hiyo mezani. Maswali yaliwasilishwa Jumamosi, kwa maandishi, kwa Kiswahili. Mimi na kaka yangu Beni, tuliozoea kujibu kila kitu kwa Kiingereza, tulilalamika.

"Kule niliuliza kwa lugha ya wenye ukumbi," alisema. "Hapa wenye ukumbi ni sisi."

Jumapili baada ya chakula alisimama na miwani yake minene, akasoma swali la Beni: kwa nini kila Jumatatu tunakula maharage?

"Serikali inamshauri Mheshimiwa asubiri Jumanne."

"Jumanne ni kiporo cha maharage yale yale, Babu!"

"Basi Mheshimiwa ameshajijibu. Akae."

Mama, ambaye kwa mambo ya jikoni ndiye aliyekuwa serikali yenyewe, alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Nilikuwa na miaka tisa. Macho ya Babu yalipoanza kupona, mimi nilianza kuogopa. Jumamosi moja niliandika, nikafuta, nikaandika tena: Je, Babu atakaa nasi mpaka nitakapomaliza shule ya msingi? Sikutaka kitu kingine duniani.

Beni aliichungulia karatasi. "Hilo si swali, hilo ni ombi," akanicheka.

Jumapili Babu alilisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti. Akafunga vifungo vya koti.

"Jambo hilo," alisema, "linafikiriwa."

Nilifurahi mno. Anayefikiria hajakataa! Kwa kanuni zetu nilikuwa na haki ya swali moja la nyongeza, ambalo lazima lijibiwe waziwazi, na Babu alibaki amesimama akinitazama. Mimi nikakaa, nikamtolea Beni ulimi.

Alhamisi nilirudi kutoka shule nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Mama alikuwa amempeleka uwanja wa ndege. Alifariki kwao kabla hatujapata nafasi ya kwenda kumwona, na kwa miaka mingi nilimnunia marehemu, kama mtoto anavyoweza kununa, kwa sababu alinidanganya.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponieleza. Katika Baraza, vikao vitatu mfululizo, Babu aliuliza ni lini zahanati ingejengwa wilayani kwetu. Mara zote tatu alijibiwa kwamba jambo hilo linafikiriwa. Haikujengwa. Na Jumapili ile, alipokuwa akinijibu, tiketi ilikuwa tayari mfukoni mwa koti lake. Tulipotoka mezani alikaa chumbani bila kuvua viatu.

"Mwanangu," alimwambia Mama, "miaka yote hii niliwachukia wale watu kwa jibu lile. Leo nimelitoa mwenyewe, kwa kuwa mtoto alikuwa ananitazama."

Kwa hiyo sasa najua alikuwa akingoja nini pale aliposimama. Jibu la kwanza lilimshinda. Swali la pili asingelikwepa, maana kanuni aliziheshimu kuliko alivyojihurumia. Ningeuliza neno moja tu: lini? Angeniambia Alhamisi, nami ningepata siku nne nzima za kumshika mkono.