Mtambo wa Barafu wa Sudi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa matambara na kopo la grisi. Aliyenipokea ni Fundi Salum, mzaliwa wa hapa Sudi, kijiji chetu cha pwani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye injini za meli za Ulaya. Baada ya Uhuru, yeye na wenzake wa kwetu waliolowea huko walichanga, wakanunua mtambo wa barafu, naye akarudi nyumbani kuufunga, ili samaki wetu wafike soko la Mtama, huko bara, hawajaharibika.

Moyo wa mtambo ule ni kompresa, pampu inayoshindilia gesi ya ubaridi mabombani. "Isikilize," Fundi Salum alinifundisha. "Ikianza kukohoa, izime."

Ulipoingia ujamaa, mtambo ukawa mali ya kijiji, tukaletewa Bwana Meneja kutoka wilayani. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaogopa wakubwa wake. Kompresa ilipoanza kukohoa, tuliizima. Vali zake, vibati vinavyozuia gesi isirudi, zilikuwa zimelika.

"Wenzangu watatuma vali," Fundi Salum alimwambia Meneja. "Na mmoja wao yuko tayari kuja kuwafundisha vijana kuzichonga hapahapa."

"Vipuri huagizwa na wilaya, Fundi. Waliokimbilia kwa mabepari hawawezi kutufundisha kujitegemea."

"Bwana Meneja, hao ni watoto wa hapa. Mama zao ndio wale wanaoanika samaki pale nje."

"Nimeshasema."

Tukaingoja wilaya. Masika yakapita, kimya. Kisha ikasemwa mgeni mkubwa anakuja kukagua kijiji, na Meneja akaamuru tuwashe hivyohivyo. Fundi Salum alikataa. Meneja akaniamuru mimi, tena kwa ukali, nami nilipokataa akawasha mwenyewe. Kompresa ilinguruma, ikapasuka. Mgeni hakutokea.

Fundi Salum alishika kile chuma kilichopasuka, kingali cha moto. "Nitawaambia nini wenzangu?" Akarudi Ulaya, na huko ndiko alikozikwa.

Nilihamishiwa karakana ya matrekta Lindi, nikastaafu huko. Wengi hudhani tulikosa watu wa kutusaidia. Tulikuwa nao, tuliwafungia mlango, nao wakazeeka ugenini na ujuzi wao.

Juzi mjukuu wangu aliye ng'ambo alinipigia simu. "Shikamoo babu. Tunachanga huku tuwaletee mashine. Mngependa ipi?"

"Marahaba," nikamjibu. Nikakiona tena kile chuma kilichopasuka mikononi mwa Fundi Salum. Nikamuuliza kama huko kuna baridi.