Karani wa Fundi Mkuu

Fundi bomba alipoacha kuajiriwa, ofisi yake ilikuwa meza ya jikoni, na wafanyakazi wote walikuwa yeye. Mkewe akikumbuka hucheka mpaka leo. Wiki nzima simu ilinuna, naye akawa anaifuta kioo kwa vidole vyake vinene vyenye mikwaruzo mpaka kikang'aa. Ingezidi kunyamaza, angerudi kumwangukia bosi wake wa zamani. Ndipo ikaita. "Ofisi ya mafundi bomba, karibu," akasema kwa kisauti chembamba cha karani. "Subiri nikuunganishe na fundi mkuu." Akagonga spana mezani, akakohoa, akashusha sauti hadi tumboni: "Naam, mkuu hapa." Mkewe akauma kiganja asicheke. "Jiko langu limefurika, baba, njoo mbio," mama wa upande wa pili akasema. "Ila uje na yule karani, ana adabu kuliko wewe." "Karani habanduki ofisini, mama," akajibu, kiatu kimoja kishaingia mguuni.

Siku hizi ana karani wa kweli. Lakini wakikosana nyumbani, mkewe humgeuzia mgongo: "Wewe mkuu sikutaki. Niunganishe na karani." Halafu spana inagonga meza, kikohozi kinafuata, na kile kisauti chembamba: "Karibu mama, tukusaidie nini?"